UZI: Mahijra wa India na sheria iliyoifanya ngoma kuwa kosa la jinai

#1 Mpiga Tari

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Mada za namna hii zikifunguliwa, kurasa mbili za mwanzo huishia kwenye matusi. Leo naomba tusome kwanza. Sijaja kumvua mtu imani yake. Nimekuja na jambo nililoliona kwa macho yangu likanikaa rohoni, na kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyogundua linatuhusu kuliko nilivyodhani.

Nilikaa Hyderabad, India, tangu 2013 hadi 2017 nikisomea famasia. Waliosoma kule watanielewa nikisema kwamba mahijra unawajua kwanza kwa kofi. Uko kwenye treni, umeegemea dirisha, unasikia kofi moja kutoka behewa la jirani. Si kofi la kushangilia. Viganja vinakutana bapa, vidole vimetanuka, sauti inapasuka kama ubao uliokanyagwa. Abiria wanaanza kupapasa mifuko kutafuta chenji kabla hata hawajamwona mtu.

(Msichanganye na Hijra ya Mtume. Kwa herufi zetu yanaandikwa sawa, basi.)

Ni watu gani? Wengi walizaliwa wakahesabiwa wavulana, wachache walizaliwa huntha, na wanaishi kama wanawake au, kama wengi wao wanavyosema wenyewe, si mume si mke. Mtoto anayefukuzwa kwao hupokelewa na mkubwa mmoja anayeitwa guru, naye anakuwa chela wake. Anapewa jina jipya, anapewa pa kulala, anaingizwa kwenye ukoo unaoitwa gharana. Kiswahili kinatusitiri hapa: tukisema "yeye" hatujataja mume wala mke. Kwa Kihindi na Kiurdu kitenzi chenyewe hubadilika kufuata jinsia, na mahijra wanaponena juu ya nafsi zao huchagua kitenzi cha kike. Yaani kila sentensi ni msimamo.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka 2015 mkwe wa mwenye nyumba wangu alijifungua mtoto wa kiume. Wiki chache baadaye, asubuhi, mlango ukagongwa kwa kile kile kofi. Waliingia wanne. Mmoja alikuwa na dholak, ngoma ndogo ya nyuso mbili, imening'inia shingoni. Wawili walikuwa vijana, wamevaa sari za rangi kali. Wa nne alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza mvi, ana pete ya pua. Akaketi pale pale kizingitini, akanyoosha miguu, akasema, "Mleteni mtoto."

Wakaimba. Wimbo ulikuwa wa kumsifu mama, kumsifu bibi, kumtania baba. Vijana wakacheza, mmoja akajitia mimba kwa kukunja kitambaa tumboni, akatembea ameshika kiuno, akiigiza uchungu wa mwezi wa tisa, na wanawake wote wa nyumba ile wakacheka hadi machozi. Halafu biashara ikaanza. Mkubwa wao akataka rupia 11,000. Bibi mwenye nyumba akaruka kama aliyemwagiwa maji. Wakabishana kwa sauti, makofi yakilia, mpaka wakafika 5,100. Bibi akaleta sinia la mchele wenye manjano, nazi juu, na noti zimepangwa pembeni.

Hapo ndipo niliposhangaa. Yule bibi aliyekuwa akibishana kama yuko sokoni akajifunika kichwa kwa ncha ya sari, akainama. Hijra yule akampakata mtoto, akazungusha sarafu juu ya kichwa chake, akamwombea umri mrefu. Kisha akachukua rupia moja kutoka kwenye zile zile alizopewa, akaifunga na punje za mchele, akamrudishia bibi: "Weka kabatini. Nyumba hii isikaukiwe."

Shughuli hii inaitwa badhai, maana yake pongezi. Imani iliyo nyuma yake ni kwamba asiyezaa amepewa nguvu ya kuwabariki wanaozaa. Mahijra wengi humtukuza Bahuchara Mata, mungu wa kike apandaye jogoo, ambaye hekalu lake kubwa liko Gujarat, wilaya ya Mehsana. Wana pia kisa cha Rama, mfalme-mungu wa Kihindu. Alipokuwa anakwenda uhamishoni aliwaambia waliomsindikiza, "Wanaume na wanawake, rudini mjini." Wote wakarudi. Aliporejea baada ya miaka 14 akawakuta mahijra bado wameketi pale pale msituni, kwa sababu amri haikuwataja. Rama akawapa uwezo wa kubariki. Wanaposema ngoma yao ni haki yao, wanaegemea kisa hiki.

Nitaendelea na upande wa sheria jioni.

#2 Kiberege

Mkuu nimeketi kabisa. Mimi nilisoma Pune, hilo kofi nalijua, nilikuwa najificha chooni. Sikuwahi kuuliza ni kwa nini wanapewa hela. Endelea.

#3 Mzee Chakupewa

Mleta mada, kwa heshima zote. Umeandika vizuri lakini mimi nauliza, hii inatusaidia nini? Hao ni Wahindi na miungu yao. Sisi tuna mila zetu.

#4 Mpiga Tari

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni la haki na jibu lake lipo kwenye sheria, kwa hiyo nitaanzia hapo hapo.

Mwaka 1860 Mwingereza aliitungia India Kanuni ya Adhabu. Ndani yake kulikuwa na kifungu cha 377, kilichoadhibu tendo la kimwili "kinyume cha maumbile". Kanuni hiyo haikubaki India. Ililetwa kwa meli pamoja na maofisa, ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika mpaka 1930, zilipotungwa kanuni mpya kwa ajili yetu. Maneno yale yale yakahamia humo. Leo Tanzania ni kifungu cha 154, Kenya ni cha 162. Kwa hiyo mtu akiniambia hiyo ndiyo mila yetu ya kale, namwomba afungue kitabu aone iliandikiwa wapi. Mahakama Kuu ya Kenya ilipokataa kukifuta kifungu hicho Mei 2019, mawakili wa pande zote mbili walikuwa wakibishana juu ya hukumu ya India ya 2018 iliyokiangusha kile cha 377. Undugu huo tumerithishwa, tupende tusipende.

Lakini kifungu cha 377 hakikumtosha Mwingereza kwa mahijra. Mwaka 1871 alitunga Sheria ya Makabila ya Wahalifu. Wengi wanaifahamu kwa sehemu ya kwanza, iliyotangaza koo nzima za watu kuwa wahalifu wa kuzaliwa. Sehemu ya pili haisemwi sana. Ilihusu watu walioitwa "matowashi", na aliyekusudiwa zaidi alikuwa hijra.

Nimeisoma ile sehemu mara nyingi. Polisi waandike daftari la majina na makazi yao. Waandike mali zao. Aliyeandikwa asiwe mlezi wa mtoto, asitoe hiba, asiandike wasia, asiasili mtoto. Fikirieni: jamii inayoishi kwa guru kumrithisha chela, halafu wasia unafutwa. Nyumba ya guru ikifa naye, chela anakwenda wapi?

Halafu kifungu cha 26. Aliyeandikwa akionekana mahali pa hadhara amevaa au amejipamba kama mwanamke, au akicheza ngoma, au akipiga muziki, au akishiriki onyesho lolote la hadhara, *au akifanya hivyo kwa malipo ndani ya nyumba ya mtu*, akamatwe bila hati. Kifungo hadi miaka miwili, au faini, au vyote.

Nimekoleza maneno yale makusudi. "Kwa malipo ndani ya nyumba ya mtu." Barabarani unaweza kudai unalinda utulivu. Lakini ndani ya nyumba ya bibi aliyepata mjukuu, amefungua mlango mwenyewe, analeta sinia la mchele mwenyewe, kuna utulivu gani wa kulinda? Walioandika maneno hayo walikuwa wanajua badhai ni nini. Walijua kwamba hijra haishi kwa kuomba, anaishi kwa ada, na kwamba ada hiyo inatokana na ngoma. Ukimnyang'anya ngoma, umemwacha na kofi tupu. Maofisa wenyewe waliandika kwamba nia yao ni jamii hii itoweke polepole, na wala hawakuona haya.

Hawakutoweka. Wakahama miji, wakabadili majina, wakacheza usiku.

#5 Mama Zuleha

Mpiga Tari mwanangu, nimesoma pale kwenye mchele na ile rupia moja nikalia, sikufichi. Mimi ni mtu wa ngoma, Unguja, msondo nimeupiga tangu sijaolewa. Hapo zamani kungwi akiingia nyumba ya harusi ada yake inajulikana, haombi. Ina majina yake: kanga zake, pesa zake, na sinia lake la chakula. Akinyimwa anaondoka, na harusi ile inasemwa mtaani mwaka mzima. Na huko taarab mtu akiinuka kwenda kutunza, nani anamwita mwimbaji ombaomba? Lile ni deni. Wewe umeimbiwa, umesifiwa, unalipa. Kwa hiyo mimi hao nimewaelewa bila kufundishwa.

Lakini na mimi nauliza, huko kwao hakuna wanaodhulumu watu? Maana hata kwetu wapo waliokuwa wanatisha familia za kimasikini.

#6 Mpiga Tari

Mama Zuleha, umeniondolea kazi. "Lile ni deni." Nimelitafuta neno hilo muda wote.

Na ndiyo, wapo. Sitaki kupamba. Kuna mahijra wanaomtaka mtu wa mshahara mdogo pesa ya miezi miwili, wanatishia laana, wanatishia kuvua nguo mlangoni. Kuna magenge ya watu wanaojivika tu. Kuna maguru wanaowanyonya chela wao, wanachukua kila walichopata. Jirani yangu wa chini alikopa ili alipe, na nyumbani kwake hakuna aliyecheka siku ile kama tulivyocheka sisi. Hilo lazima lisemwe.

Ila tazama namna dola inavyojibu. Sheria ya Bombay ya 1959 ya kuzuia kuombaomba, ambayo majimbo mengine yaliiga, inasema kuomba ni kupokea sadaka hadharani hata kama mtu anajisingizia *kuimba, kucheza, kupiga ramli au kufanya onyesho*. Mwingereza alishaondoka miaka 12, lakini ngoma bado ni kisingizio mbele ya sheria. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Delhi ilivifuta vifungu vikuu vya sheria hiyo kwa Delhi. Mwaka huo huo muswada wa watu waliobadili jinsia ulipita Baraza la Chini la Bunge ukiwa na kipengele cha kumwadhibu anayemshawishi hijra kuomba, yaani guru yeyote angeweza kufungwa. Waliandamana, kipengele kikaondolewa kwenye sheria iliyopita 2019. Halafu 2023 polisi wa Nagpur wakatoa amri ya kuwazuia kwenda nyumbani kwa watu pasipo kualikwa. Badhai nani anaialika? Habari ya mtoto husikika kwa mkunga, kwa mfua nguo, kwa kanga mpya zilizoanikwa juu ya paa.

Na hapa Hyderabad yangu. Hyderabad haikuwa chini ya Mwingereza moja kwa moja, ilikuwa ya Nizam, mtawala wa kienyeji. Mwaka 1919 utawala wa Nizam ukaiga ile sheria: daftari, nguo, ngoma, kukamatwa bila hati. India ikapata uhuru, sheria ikabaki. Jimbo la Telangana likazaliwa 2014, likairithi. Mahakama Kuu ya Telangana ndiyo iliyoifuta, Julai 2023. Kwa hiyo asubuhi ile ya 2015, bibi ameinama, mtoto amepakatwa, dholak inalia, sheria ya kuiita ngoma kama ile kosa ilikuwa bado vitabuni. Nilipoligundua hili nilikaa kimya siku nzima.

#7 Abu Salwa

Niko Dubai, naishi na Wapakistani sita. Nimewaulizia leo wakasema kwao wanaitwa khawaja sira, na kwamba zamani walikuwa watumishi wakubwa wa wafalme. Ni kweli? Na Uislamu umewafanyaje kule?

#8 Mpiga Tari

Ni kweli, Abu Salwa. Katika dola ya Mughal khwajasara alikuwa towashi wa kasri, na wengine walipanda wakawa makamanda na wasimamizi wa mali. Wahijra wa leo wa Pakistan wanalipenda jina hilo kwa sababu lina heshima ya ikulu ndani yake.

Kuhusu dini, historia yao imechanganyika kuliko watu wanavyotaka. Hata India, maguru wengi wana desturi za Kiislamu hata kama wanamwabudu Bahuchara Mata: wanazikwa, wanazuru makaburi ya mawalii, wengine wamehiji. Pakistan, Mahakama ya Juu iliagiza mwaka 2009 watambuliwe na waandikwe, na 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuwalinda iliyowaruhusu kujitambulisha wenyewe jinsia yao. Mei 2023 Mahakama ya Shariah ya Shirikisho ikasema vifungu vikuu vya sheria hiyo vinapingana na Uislamu. Bangladesh iliwatambua 2013. Kule Khyber Pakhtunkhwa, jimbo la Pakistan, wengi wanaishi kwa kucheza kwenye harusi, na ndio wanaopigwa risasi mara kwa mara, mara nyingi njiani wakitoka kwenye harusi hizo hizo walikoshangiliwa.

#9 Kiberege

Mkuu, na hizi habari za mahakama kuwapa "jinsia ya tatu" India? Nilikuwa huko 2014 ilipotoka, magazeti yalijaa.

#10 Mpiga Tari

Ilitoka tarehe 15 Aprili 2014. Majaji wawili wa Mahakama ya Juu, Radhakrishnan na Sikri, walisema jinsia ya mtu ni anavyojijua mwenyewe, na serikali iwape mahijra nafasi kama tabaka lililoachwa nyuma. Sensa ya 2011 ilikuwa imewahesabu watu 487,803 chini ya "nyingine", na kila aliyewahi kukaa kule anajua wengi hawakujiandikisha. Ila kumbukeni miezi minne tu kabla, Desemba 2013, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekirudisha kifungu cha 377. Yaani hijra akawa na haki ya kuwa hijra, akikosa haki ya kumpenda mtu. Hilo lilirekebishwa 6 Septemba 2018.

Na mnamjua mlalamikaji wa kwanza kwenye kesi ya 2018, ambaye hukumu inaitwa kwa jina lake? Navtej Singh Johar. Ni mcheza Bharatanatyam, ngoma ya kale ya Tamil Nadu, tena ni Singasinga aliyeingia kwenye ngoma ya mahekalu ya Kihindu. Si mwanasiasa. Mchezaji ngoma ndiye aliyekwenda kukiangusha kifungu ambacho ndugu yake, ile sheria ya 1871, alitungwa kuzuia ngoma.

Sasa niseme linaloniuma, na hili ni wazo langu mwenyewe. Ngoma imegawanywa mafungu mawili. Kuna ile inayopewa nishani na ile inayopewa rungu.

Narthaki Nataraj alizaliwa Madurai 1964. Alikimbia kwao na rafiki yake Sakthi, wakamfuata mwalimu mkubwa wa Thanjavur, Kittappa Pillai, akamfundisha zaidi ya miaka kumi. Mwalimu huyo ndiye aliyempa jina la Narthaki, maana yake mchezaji. Mwaka 2019 akawa mtu wa kwanza aliyebadili jinsia kupewa Padma Shri, nishani ya taifa. Anastahili kila gramu yake. Kuna aina ya uchezaji aliyobobea, ya mwanamke anayemtamani Mungu kama mpenzi wake, na ukiitazama mikono yake unasahau kupumua.

Mwingine ni Manjamma Jogathi wa Karnataka. Huyu hakutoka kwenye ngoma ya jukwaa la kulipia. Jogathi ni watu waliowekwa wakfu kwa Yellamma, mungu wa kike wa mashambani, wanacheza na chungu kichwani kijiji kwa kijiji. Familia ilimtenga, aliwahi kunywa sumu. Baadaye akaongoza taasisi ya serikali ya sanaa za kijadi ya Karnataka. Novemba 2021 aliitwa Ikulu ya Delhi kupokea Padma Shri yake. Tafuteni video, ni fupi. Anatembea kwenye zulia jekundu hadi kwa Rais, lakini kabla ya kupokea anashika ncha ya sari yake, anaizungusha mbele ya Rais wa nchi na kuitupia pembeni, kumwondolea kijicho. Rais anasimama kimya kama mtoto anayefukizwa uvumba. Ukumbi unapiga makofi.

Mimi nilimwona yule guru wa kizingitini. Ni kitendo kile kile. Serikali inayopokea baraka ya Manjamma Ikulu ndiyo inayomkamata dada yake kwenye makutano ya barabara akitoa baraka hiyo hiyo kwa rupia kumi.

#11 Mzee Chakupewa

Mpiga Tari, marahaba ya jana nimeichelewesha, naitoa leo. Mimi bado ni muumini na msimamo wangu kuhusu mambo fulani haujabadilika, sitakudanganya. Lakini hiyo ya wasia imenigusa. Kumzuia mtu asimrithishe aliyemzika ni dhuluma. Umetaja Tamil Nadu, kuna mtu aliniambia huko wana harusi yao kubwa?

#12 Mpiga Tari

Marahaba yako nimeipokea kwa mikono miwili, mzee.

Ndiyo. Ni kijiji cha Koovagam, karibu na Ulundurpet, mwezi wao wa Chithirai, Aprili kuelekea Mei. Nilikwenda 2016 na mwenzangu wa darasani Mtamil. Joto lilikuwa la kupasua midomo.

Kisa kinatoka kwenye Mahabharata ya Kitamil, utenzi wa kale wa vita. Aravan, mwana wa Arjuna, anajitoa awe kafara ili upande wao ushinde vita. Anaomba jambo moja: asife bila kuoa. Hakuna mwanamke anayekubali kuwa mjane kesho yake. Mungu Krishna anajigeuza mwanamke, Mohini, anaolewa naye usiku mmoja, na asubuhi anamlilia. Kwa hiyo kila mwaka maelfu wanakuja, Watamil wanawaita thirunangai, kila mmoja akiwa Mohini. Usiku wanapanga foleni kwa kuhani, anawafunga shingoni uzi wa ndoa wenye manjano. Usiku ule ni wa harusi kweli: maua ya asumini kichwani, vicheko, mji wa Villupuram hoteli zimejaa, mashindano ya urembo, na wanasiasa wanakuja kupiga picha. Tamil Nadu ndiyo iliyounda bodi ya ustawi wao mwaka 2008, kabla ya jimbo lolote jingine.

Lakini asubuhi. Sanamu ya Aravan inapitishwa kwenye gari la mbao, kisha inaondolewa maua yake, na hapo wote wanajua ameshauawa. Kuhani anakata ule uzi kwa kisu. Anagonga mikono kwa mikono, bangili za kioo zinavunjika, zinadondoka. Nilikuwa nimesimama kwenye mchanga uliojaa vipande vya rangi zote, na sauti ya vioo haikukoma. Kisha kilio. Mimi nimezika, najua kilio cha kuigiza na kilio cha kweli, na pale sikuweza kuvitenganisha. Mwenzangu akamuuliza mama mmoja aliyekuwa amekaa chini, mikono inatoka damu kidogo, kama anamlilia Aravan. Akajibu, "Ninaye mmoja tu wa kumlilia? Leo nimepewa ruhusa." Akaenda kuoga, akavaa sari nyeupe. Eda.

Walionyimwa kuwalilia wafu wao, kwa sababu hawakuitwa kwenye maziko ya wazazi wao wala ya wapenzi wao, wana siku moja ya kukaa eda hadharani. Hilo ndilo ngoma inalofanya pale.

#13 Bint Marhubi

Nimefuata uzi wote kimya. Naomba kuuliza kuhusu siasa, kwa sababu nasikia siku hizi wengine wamejiunga na vyama vya dini vya Kihindu. Hawagawanyiki?

#14 Mpiga Tari

Wanagawanyika, dada, na ni jeraha bichi. Laxmi Narayan Tripathi, ambaye naye ni mcheza Bharatanatyam, na aliyekuwa ndani ya ile kesi ya 2014, mwaka 2015 aliongoza kuanzishwa kwa Kinnar Akhara, jumuiya ya watawa wa Kihindu ya watu wao. Kwenye Kumbh ya 2019, mkusanyiko mkubwa wa Wahindu wa kuoga mtoni, pale Prayagraj waliandamana kuingia mtoni na watu wakawainamia barabara nzima. Ni heshima iliyopiganiwa. Lakini mwaka 2018 alipounga mkono hekalu la Ayodhya kujengwa palipovunjwa msikiti, makundi mengi ya wenzake yalimpinga waziwazi kwa maandishi. Wakauliza: na maguru wetu Waislamu? Na chela wao wa Kihindu aliyelelewa ndani ya nyumba hiyo? Nyumba ya hijra ni mojawapo ya mahali pachache India ambapo Muislamu na Mhindu walikuwa wanakula sahani moja bila mtu kuuliza. Mimi naogopa ikigawanywa haitaunganika tena.

Siasa za kura ni hadithi nyingine na nitaipita haraka. Shabnam Mausi alichaguliwa bunge la jimbo la Madhya Pradesh. Madhu Kinnar, aliyekuwa akiimba na kucheza kwenye treni, akawa meya wa Raigarh 2015. Na Patna mwaka 2006 halmashauri iliwaajiri waende kuimba mbele ya maduka ya wasiolipa kodi, wakapewa asilimia 4 ya makusanyo. Watu walicheka sana dunia nzima. Mimi sikucheka. Manispaa ilikubali kwa maandishi kwamba sauti ile ina nguvu ya kudai deni.

#15 Mama Zuleha

Mwanangu, na yule mtoto? Na yule aliyempakata?

#16 Mpiga Tari

Mama, mwezi uliopita niliongea na yule bibi kwa simu. Mtoto yuko shule ya msingi, anapenda kriketi. Mwaka 2021 familia ilihamia kwenye maghorofa mapya yenye geti na walinzi, mjukuu wa pili akazaliwa humo. Bibi alimwambia mlinzi wa geti wakija awapandishe. Hawakuja. Baadaye akasikia walikuja mara mbili, zamu ya mlinzi mwingine, wakarudishwa.

Nikamuuliza kuhusu rupia. Akaniacha kwenye simu, nikasikia mlango wa kabati. Akarudi, akasema iko, na mchele uko, punje saba, amezihesabu.